Pipa moja la dizeli halitoshi tena Unguja–Dar na kurudi: lawama ni ya injini au ya nahodha?

BintiShehena (Unguja)

Wakuu, habari za usiku. Naandika hapa daftari la marehemu baba likiwa mapajani, nisije nikasema uongo.

Tuna chombo cha mbao cha mizigo, urefu wake kwenye maji ni mita 14. Kilianza maisha kikiwa jahazi la tanga. Mwaka 2009 baba akakitia injini ya lori ya silinda sita, mtumba, pamoja na gia ya boti na propela ya shaba ya mapanga matatu. Safari yetu ni Malindi ya hapa Unguja mjini hadi Dar na kurudi, kwa GPS maili za bahari 40 kila upande. Kwenda tunachukua marobota ya mwani mkavu na makreti ya soda matupu. Kurudi ndio mzigo wenyewe: saruji, unga, vitunguu, mbatata.

Baba alikuwa na tabia ya kuandika. Kila safari mstari mmoja: siku, mzigo, saa ya kung'oa nanga, saa ya kufika, dizeli. Mistari mingi inasema hivi: "Pipa 1. Limebaki dumu 3." Yaani lita 140 kwenda na kurudi. Saa sita kasoro kila upande.

Baba alifariki mwaka juzi. Chombo sasa anakishika binamu yangu, nahodha kijana, mwenye leseni, hana shida na bahari. Lakini tangu mwezi wa pili pipa haliturudishi nyumbani. Tunatia lita 200, na Dar tunaongeza dumu, safari nyingine dumu na robo. Moshi mweusi unatoka anapoondoka gatini na unaendelea mpaka tuko nje kabisa. Saa tano na kidogo kila upande, basi si kwamba tumekuwa wepesi sana kuliko baba.

Nimeita fundi. Akasema nozeli, zile za kupuliza dizeli ndani ya injini. Nikanunua nozeli sita, nikalipa na ufundi, moshi ukapungua wiki moja ukarudi. Fundi wa pili anasema injini imechoka, ifunguliwe yote. Hiyo ni hela ya kuuza dhahabu ya mama, na mama yuko hai na anaisoma hii kwenye simu yangu.

La pili. Mnunuzi wa mwani anayepakia kontena Dar kaniletea fomu. Anataka kujua chombo changu kinatoa hewa ukaa kiasi gani kwa safari, maana wateja wake wa Ulaya wanamuuliza. Mie nikacheka, chombo cha mbao na hewa ukaa wapi na wapi. Kumbe hakutania. Ameniambia mwenye kujaza fomu atapewa mzigo kwanza.

Kwa hiyo naomba msaada. Nianzie wapi kabla sijafungua injini? Na ile fomu naijazaje? ZURA, wadhibiti wa bei ya mafuta Zanzibar, wakitangaza bei ya mwezi mie roho inaruka.

DumuTupu (Tanga)

Dada pole na msiba, ingawa umepita. Sasa mimi nitasema ambalo wengine wataona haya kulisema. Kabla ya injini, hesabu madumu. Dizeli ni kitu kinachouzika baharini kuliko samaki. Nilikuwa na boti yangu ya uvuvi, nikabadilisha filta, nikabadilisha pampu, nikabadilisha fundi. Siku niliyobadilisha baharia mmoja tu, injini ikapona.

Sisemi binamu yako ni mwizi. Nasema chukua kijiti, kikwaruze alama kila lita 10, pima tangi kabla ya kung'oa nanga na pima mkishafunga kamba. Na upande mwenyewe.

KasiMpya (Dar)

Kuna sumaku zinafungwa kwenye bomba la dizeli, zinanyoosha mafuta yanaungua vizuri. Nimeweka kwenye Fuso, imepunguza robo nzima. Nicheki pembeni nikuelekeze duka.

SekendiKibokoni (Mombasa, kwa sasa niko baharini)

Salaam dadangu. Mimi ni injinia wa pili kwenye meli ya nafaka, na intaneti ya hapa inakuja ikitaka, basi nitaandika mara moja kirefu.

Ndugu wa sumaku atanisamehe. Melini tunapima mafuta kila siku adhuhuri, tani kwa tani, na mwenye meli angefunga hata hirizi kwenye bomba kama ingempunguzia tani moja. Hakuna sumaku.

Sasa wewe. Umeandika kitu kimoja cha maana sana bila kukusudia: baba saa sita kasoro, binamu saa tano na kidogo. Hiyo tofauti ndogo ndiyo iliyobeba dizeli yako nyingi. Maji si barabara. Nguvu inayotakiwa kusukuma chombo haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukiongeza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, injini inadaiwa nguvu theluthi moja zaidi. Ukipunguza sehemu moja ya kumi, unasamehewa zaidi ya robo. Kweli utakaa baharini muda mrefu kidogo, lakini ukijumlisha safari nzima bado umeokoa karibu lita 19 katika kila 100.

Nikupe mfano wa kwetu. Meli hii kwa noti 14, yaani maili za bahari 14 kwa saa, tulikuwa tunachoma tani 33 kwa siku. Kwa noti 12 tunachoma 21. Meli ile ile, injini ile ile, rangi ile ile. Kampuni kubwa za makontena ziliigundua dawa hii mafuta yalipopanda mwaka 2008, zikaanza kutembea taratibu, na wengine mpaka wakakata pua ya meli wakaunda nyingine, maana ile ya mwanzo ilichongwa kwa mbio ambazo hawazikimbii tena.

Na chombo chako kina ukuta wake. Chombo kisichopaa juu ya maji kinatengeneza wimbi omo (mbele) na wimbi tezi (nyuma), na kadiri kinavyokimbia mawimbi yale yanaachana mpaka kinajikuta kimelala kwenye shimo baina yao, kinapanda mlima wa maji ambao kimeutengeneza chenyewe. Kwa mita 14 ukuta huo uko karibu na noti 9. Mwambie binamu atazame nyuma akiwa kwenye mbio zake. Tezi ikizama na wimbi la nyuma likisimama refu kama linakimbilia chombo, hapo dizeli inachimba shimo baharini.

Lakini mwendo peke yake hauelezi moshi mweusi. Moshi mweusi ni mafuta yamezidi hewa: filta ya hewa imeziba, au injini inavuta mzigo unaoishinda. Mweupe ungekuwa habari nyingine, wa bluu ni oili. Jaribu hivi, halina gharama. Chombo kiwe na mzigo, bahari tulivu, sukuma mpaka mwisho kwa dakika mbili tu, utazame mzunguko wa injini. Kama iliandikiwa 2,600 na inagota 2,200, basi injini haijachoka, imezidiwa. Ama propela ina kina kikubwa cha kukata maji kuliko inavyostahili, ama panga limepinda, ama tumbo la chombo ni chafu. Kisha shika gilandi ya shafti, pale shafti ya propela inapotokea nje na kuzibwa maji yasiingie, kwa mkono baada ya saa moja ya safari. Ikiwa haishikiki kwa moto, imekazwa mno na injini inaisugua bure.

Nitakuuliza swali la mwisho, na ndilo linaloniuma hata huku. Mkifika, mnashusha saa hiyo hiyo au mnatia nanga kungoja zamu? Mimi nimeshakimbia Bahari ya Hindi nzima, injini inalia, halafu tukatia nanga nje ya bandari siku 9 kungoja gati. Siku 9! Hakuna nozeli inayotibu ugonjwa huo.

Fomu yako nyepesi. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Usishangae lita isiyofika hata kilo moja kutoa kilo mbili na zaidi, kaboni ya kwenye mafuta inajibebesha oksijeni ya kwenye hewa, na uzito mwingi ni wa hewa hiyo. Lita 215 ni kilo 580 hivi kwa safari ya kwenda na kurudi. Za baba, lita 140, zilikuwa kama kilo 378. Gawanya kwa tani za mzigo na umemaliza.

Sheria za IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa kule London, hazikugusi. Zile daraja za A mpaka E walizotuwekea tangu Januari 2023 ni za meli za tani pima 5,000 kwenda juu. Sisi tukipata D miaka mitatu mfululizo, au E mara moja, tunaandika mpango wa kujirekebisha. Wewe una mnunuzi wa mwani, na naona yeye amewahi kukufikia kuliko London.

MzeeWaGadi (Mkokotoni)

Binti, nimemsoma huyo kijana wa Mombasa na kasema kweli, ila kaanza juu ya maji. Mimi naanza chini.

Chombo kimepwelezwa lini mara ya mwisho? Sikuulizi kimepakwa lini. Nakuuliza kimelazwa mchangani, kikategemezwa kwa gadi, yale magogo ya ubavuni, mtu akaingia chini na kukwangua mpaka mkuku, uti wa chini? Baba yako simjui, ila mtu anayeandika "limebaki dumu 3" hakosi kupweleza kila bamvua ya pili, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo. Chombo kilichotiwa nanga Malindi miezi minne kina bustani chini. Kwanza ukoga, unateleza kama kamasi, mtu anadharau. Kisha majani. Kisha yale magamba meupe makali kama wembe, na hayo yakishika kwenye propela yenyewe basi umefunga mawe kwenye miguu ya mkimbiaji. Huo ukoga peke yake unatosha kukuibia dizeli, usingoje magamba.

Fanya hivi. Ngojea mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Bamvua kwetu maji yanajaa saa kumi na kupwa saa nne, na yanashuka karibu mita 4. Ingiza chombo mchangani alfajiri maji yakiwa juu, hakina mzigo hata gunia. Gadi mbili kila ubavu, na usitie gadi kwenye ubao baina ya mataruma, yaani mbavu za chombo, itatoboa. Kufika saa tatu chombo kikavu. Una kama saa mbili za kazi kabla maji hayajarudi kukutafuta. Watu wanne, kwanguo za bati, brashi za makuti. Zamani tulipaka deheni, shahamu na chokaa, kwa kiganja cha mkono. Inafaa mpaka leo kwa mwenye kupweleza mara kwa mara. Kama una uwezo, nunua rangi ya chini yenye shaba, utapumzika miezi kadhaa. Ile ya zamani yenye bati iliyokuwa ikiua kila kitu ilipigwa marufuku duniani 2008, na ukiuziwa pipa kuukuu kwa bei ya kutupa, ikatae. Wewe unauza mwani, usitie sumu kwenye shamba lako.

Pili, tazama ngamani, kule chini kabisa maji yanakokusanyika. Chombo cha zamani cha tanga kilikuwa na farumi, mawe ya kukituliza kisipinduke. Baba alipotia injini, mawe aliyatoa au bado mmeyalalia? Unabeba mawe Unguja na Dar tangu 2009 na dizeli ndiyo inayalipia nauli. Lakini usiyatoe yote kwa pupa! Siku mkiwa tupu na upepo wa ubavuni mtayakumbuka. Toa kidogo, jaribu, toa kidogo. Na maji ya ngama yakumbwe kabla ya kuondoka. Maji ya bahari ya mita moja ya ujazo ni tani nzima na ushei.

Tatu, mnakwenda saa ngapi? Mkondo wa pwani yetu unavuta kaskazini mwaka mzima, na kusi, upepo wa kusini, likishika unazidi. Kwenda Dar unaupanda, kurudi unaushuka. Nahodha anayeng'oa nanga kwa saa ya mkononi bila kutazama maji anapigana na bahari kwa pesa yako.

Na la nne mtanicheka. Mlingoti upo?

DumuTupu (Tanga)

Mzee wangu, 2009 mpaka leo bado tunazungumza tanga? Dada weka sola, deki nzima mita 14, jua la bure. Hewa ukaa sifuri, mnunuzi atafurahi.

SekendiKibokoni (Mombasa)

Tusimpeleke dada wa watu kwenye deni. Deki yake yote ukiitandika paneli, adhuhuri kweupe utapata kilowati 10 au 11. Chombo chake kwa mwendo wa baba kinataka kama 40, kwa mwendo wa binamu karibu mara mbili ya hapo. Na kuna mawingu, na kuna alfajiri. Betri zinaweza, lakini kwa njia fupi yenye umeme pande zote mbili. Wanorwe walianza 2015 na kivuko chao Ampere, kikivuka kilomita 5.7 kwa betri tupu na kuchajiwa kila kikifika. Likoni kwetu, au Magogoni kwenda Kigamboni, hapo ndipo pa kuzungumza betri. Maili 40 na saruji, bado.

Kuhusu tanga, mzee usiombe radhi. Mwaka 2023 meli ya shehena inayoitwa Pyxis Ocean ilifungwa mabawa mawili ya chuma na faiba, kila moja mita 37 na nusu kwenda juu, ili upepo uisaidie injini. Mainjinia wamekaa vyuoni miaka mingi wakarudi na jibu la babu yako. Kwa tanga injini haizimwi. Inapunguzwa, upepo unalipa sehemu yake.

BintiShehena (Unguja)

Shikamoo mzee. Mlingoti ulikatwa nusu, uliobaki tunafungia taa na bendera. Sekendi, swali lako la zamu nimeliona, nimelikimbia kwa makusudi. Nipeni siku nikapande mwenyewe.

BintiShehena (Unguja) — wiki tano baadaye

Nimerudi na daftari.

Safari ya kwanza nilipanda bila kumgusa mtu. Kijiti mkononi, binamu ameninunia mpaka kisiwa cha Chumbe kinapotea nyuma yetu. Mzunguko 2,200, GPS inasoma noti 7.8. Kwenda na kurudi kijiti kilisema lita 215. Sasa DumuTupu, nakujibu mbele ya watu: hakuna aliyeuza dizeli. Ila chini ya injini, kwenye ungio la bomba linalorudisha mafuta kwenye tangi, palikuwa na tone. Tone moja, unahesabu mpaka tano, tone jingine. Nikamulika ngamani nikaona maji yana rangi za upinde wa mvua. Na pampu ya ngama inayatupa baharini, yote hayo, miezi mingapi sijui. Pete mbili za shaba za kuzibia (washa) zimemaliza habari. Akiba yake ndogo, lakini aibu niliyoona mie si ndogo.

Filta ya hewa ilikuwa imeshiba vumbi la saruji. Hatukuwa tumeifungua tangu baba. Na zile nozeli sita za zamani nilizozitoa, Mungu anisamehe, zilikuwa nzima.

Kisha tukapweleza, bamvua ya mwezi mpevu. Mzee, natamani ungekuwepo. Ubavu wa kulia, uliokuwa ukiangalia jua pale nangani, ulikuwa na majani marefu kama nywele za bibi. Propela ndiyo iliyonitisha. Mapanga mawili yana magamba mpaka katikati, na la tatu ncha yake imekunjwa kama sikio la mbuzi. Binamu akakumbuka, akasema "aa, ule mwamba wa mwezi wa pili." Mwezi wa pili! Ndio mwezi ambao daftari langu linaanza kulia. Fundi wa shaba wa Darajani aliinyoosha kwa moto na nyundo ya mbao, akailinganisha na mapanga mengine kwa kipande cha boksi alichokikata umbo lake. Dakika arobaini. Akanitoza bei ya nozeli moja.

Safari iliyofuata, mzunguko ule ule 2,200: noti 8.4, lita 188. Moshi unatoka tukiondoka, halafu unakata. Nikadhani tumemaliza.

Safari ya tatu nikamwambia binamu ashushe mpaka 1,800 na asiguse. Noti 6.9. Alikaa usukanini kama mtu aliyefungwa kamba. Abdala wetu wa jikoni alipata nafasi ya kupika wali wa nazi bila sufuria kutembea. Tulitumia saa tano na dakika 48, yaani dakika 40 zaidi ya mwanzo. Kijiti: lita 127 kwenda na kurudi. Nilipima mara mbili, nikampa na binamu apime. Hapo ni chini ya baba, na mawe ya baba ngamani wakati ule hatukuwa tumeyagusa.

Fomu nimejaza: kabla, kilo 580 za hewa ukaa, sasa kama 343. Mnunuzi kaniuliza kama nimetia injini mpya.

Sasa jibu la swali la Sekendi, na ndilo lililonichukua wiki tano kuliandika. Ndiyo, tunasubiri. Dar tulikuwa tunafika saa saba na kungoja zamu mpaka saa tisa, saa kumi. Unguja vivyo hivyo, tunatia nanga tunatazama vyombo vilivyotangulia vikishusha. Nikamgeukia binamu kwa ukali, nikamwambia unakimbilia nini basi? Akanijibu taratibu, bila kuacha usukani: "Dada, wewe ndiye unayenipigia simu kila nusu saa, mmefika wapi, mbona hamjafika. Baba alikuwa hapigi."

Nikafungua simu yangu nikaangalia. Siku moja ya mwezi wa tatu nilimpigia mara kumi na moja.

Siku hizi naipigia gati badala ya nahodha. Nikishajua chombo cha mbele kitamaliza saa ngapi, namwambia binamu saa ya kufika, yeye anahesabu na maji yake na mkondo wake saa ya kuondoka. Juzi waliondoka saa mbili baadaye kuliko kawaida na wakafunga kamba bila kutia nanga kabisa. Wafanyabiashara wa vitunguu hawakujua kama kuna kilichobadilika.

Bado mawe. Tumetoa kama robo, chombo kikiwa na mwani tu kinayumba kidogo zaidi, tutasimama hapo kwanza mpaka kusi litulie.

Na mzee, ile foromali ya baba, mti wa kubebea tanga, ipo. Nilikuwa nikipita chini yake kila siku. Imefungwa baina ya mwembe na ukuta wa jiko, mama anaanikia nguo. Ni ndefu, ina ufa mmoja tu upande wa nyuma. Mlingoti seremala anasema unaungika kwa bati na boliti, mie sijamwamini. Kama nikitaka tanga dogo tu la kurudia kutoka Dar wakati wa kusi, nishone kwa merikani, kile kitambaa cha pamba, au turubai?

MzeeWaGadi (Mkokotoni)

Marahaba mwanangu. Merikani. Turubai linapiga kelele tu, na mishono yake inafunguka siku unayolihitaji. Seremala usimwamini kweli, mlingoti wa kuunga si wa kubebea foromali. Tafuta mti mzima, mfupi, na pale chini mlingoti unapokaa patazamwe kabla hujalipa mtu. Foromali nipigie picha huo ufa. Nguo ziondoe kwanza.